Je, kinasi zinaweza kukiamsha kipokezi cha androjeni pasipo homoni katika saratani ya tezi dume?

Mwanabayokemia_Moro:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika bayokemia, na kwa sasa ninaandaa sura ya mapitio kuhusu saratani ya tezi dume. Kuna jambo moja ambalo kila ninapozidi kulisoma ndivyo linavyozidi kunichanganya, nami nimeona niliweke hapa mbele ya wenye uzoefu.

Tunafundishwa kwamba seli za saratani hii hutegemea androjeni, yaani testosteroni na dihidrotestosteroni, na kwamba ndiyo maana, tangu Charles Huggins na Clarence Hodges walipochapisha kazi yao mwaka 1941, matibabu ya msingi ya ugonjwa uliosambaa yamekuwa kuondoa korodani au kuzizima kwa dawa. Wagonjwa wengi hupata nafuu. Baada ya miezi au miaka, hata hivyo, PSA, protini ya tezi dume inayopimwa damuni kufuatilia ugonjwa, huanza kupanda tena ilhali testosteroni ya damuni bado iko chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Kwa kuwa jeni ya PSA huamriwa na kipokezi cha androjeni, kupanda huko kunaonyesha kwamba kipokezi kimerudi kazini. Sasa kinaamshwa na nini?

Makala za miaka ya 1990 zinajibu kwamba ni kinasi za protini, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine. Mwaka 1994 watafiti wa Innsbruck walionyesha kwamba IGF-I (kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini), ambayo hupitisha ujumbe wake kwa njia ya kinasi, iliamsha kipokezi hiki katika seli za DU145 (seli za saratani ya tezi dume zinazokuzwa maabara) bila androjeni yoyote, na mwaka 1999 maabara ya Los Angeles ikaonyesha jambo la aina hiyo kwa kutumia HER2, kinasi iliyo kwenye utando wa seli. Kama ni hivyo, mbona dawa za kuzuia kinasi, ambazo zimegeuza kabisa matibabu ya lukemia sugu ya mieloidi, hazijaleta mageuzi ya namna hiyo kwenye tezi dume? Je, ni nadharia yenye kasoro au ni dawa zisizofaa? Aidha, ningeshukuru kama mtu angenieleza ni kinasi ipi inayobandika fosfati mahali gani, kwa sababu kila makala inataja namba zake.

Mzee_wa_Vimeng'enya:

Ndugu Mwanabayokemia, swali lako ni zuri, na jibu langu kwa ufupi ni kwamba nadharia ile ilisemwa kwa nguvu kuliko ushahidi wake. Kinasi hukirekebisha kipokezi. Ni mara chache sana, na mara nyingi ni katika mazingira ya maabara tu, zinapochukua nafasi ya homoni. Nitaeleza kwa nini ninasema hivyo, lakini naomba nianzie kwenye umbo la kipokezi chenyewe.

Ni protini ya asidi amino zipatazo 920, na jeni yake iko kwenye kromosomu X, hivyo mwanamume huzaliwa na nakala moja tu. Zaidi ya nusu ya mnyororo, kuanzia mwanzo wake, ni sehemu isiyo na umbo thabiti, inayoyumbayumba, nayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kuamsha jeni. Baada ya hapo kuna kipande kifupi chenye vidole vya zinki kinachoshika DNA, halafu bawaba, na mwishoni kabisa mfuko wa kupokelea homoni. Homoni isipokuwepo, kipokezi hukaa kikiwa kimeshikiliwa na HSP90, protini inayotunza umbo la protini nyingine, na wenzake wa kundi hilo; homoni ikiingia mfukoni, umbo hubadilika, kipokezi huingia kwenye kiini cha seli, vipokezi viwili hushikana, kisha hukamata DNA karibu na jeni kama KLK3, ambayo ndiyo ya PSA.

Kinasi, kwa upande wake, huchukua fosfati kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye serini, threonini au tairosini ya protini nyingine. Binadamu ana jeni za kinasi zaidi ya 500. Fosfati huja na chaji hasi, na ikitua kwenye ile sehemu inayoyumba inaweza kubadilisha ni protini gani zitakuja kushikamana na kipokezi, kitadumu muda gani kabla ya kuvunjwa, na kama kitabaki kwenye kiini au kitatolewa nje. Zingatia kwamba mahali pengi panapobandikwa fosfati katika kipokezi hiki pako kwenye nusu hiyo ya mwanzo, mbali na mfuko wa homoni.

Tuje kwenye namba zinazokusumbua. Muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni serini ya 81, ambayo hubandikwa fosfati na CDK1 na CDK9. Chukua seli za LNCaP, ambazo nazo ni za saratani ya tezi dume, zikuze kwa siku mbili katika seramu iliyochujwa kwa mkaa ili steroidi ziondoke, kisha baadhi ya sahani uzitilie R1881, ambayo ni androjeni ya kutengenezwa. Tenganisha protini kwenye jeli, zihamishie kwenye utando, na uupitishie kingamwili inayotambua serini ya 81 ikiwa tu ina fosfati. Katika sahani zisizo na homoni mstari utakuwa hafifu. Katika zile zenye homoni utakolea kadiri saa zinavyopita. Maana yake ni kwamba alama ya kinasi iliyo nyingi kuliko nyingine zote kwenye kipokezi hiki huja *baada* ya homoni, wala haitangulii. CDK9 ni sehemu ya mtambo unaosukuma unakili wa jeni, kwa hiyo inaelekea kwamba kipokezi hupata fosfati hiyo kikiwa tayari kimeshika kromatini (DNA iliyofungwa pamoja na protini zake), nayo fosfati husaidia kukifanya kisibanduke upesi.

Nyingine nitazitaja kwa haraka. Serini ya 213 huguswa na AKT na PIM1. Serini ya 515 huguswa na CDK7. Serini ya 650, iliyo kwenye bawaba, huguswa na p38 na JNK, ambazo ni kinasi za msongo wa seli, na huko fosfati husaidia kukitoa kipokezi nje ya kiini, yaani hupunguza kazi badala ya kuiongeza. Tairosini ya 267 huguswa na ACK1, na ile ya 534 huguswa na SRC. Hizi za tairosini ndizo zinazokaribia zaidi nadharia unayoiuliza, kwa sababu zimeonekana kukiongezea kipokezi nguvu pale homoni inapokuwa kidogo mno.

Nimesema "kidogo mno", sikusema "haipo", na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kinasi hukifanya kipokezi kitege sikio, hata mnong'ono wa homoni kikausikia. Mnong'ono huo upo. Tezi za juu ya figo huendelea kutoa malighafi za androjeni baada ya korodani kuondolewa, na seli za saratani zenyewe huweza kuzigeuza kuwa testosteroni na dihidrotestosteroni, kwa hiyo kiasi kilichomo ndani ya uvimbe kinaweza kuwa kikubwa kuliko kipimo cha damu kinavyodokeza. Mwaka 2004 maabara ileile ya Los Angeles, chini ya Charles Sawyers, ililinganisha jozi saba za uvimbe uliopandikizwa kwa panya, kila jozi ikiwa na uvimbe unaotii kuondolewa homoni na mwenzake uliokwisha kuasi. Badiliko moja tu la jeni lilijitokeza katika jozi zote: ongezeko la kipokezi cha androjeni. Na kipokezi hicho kilichoongezeka kilihitaji mfuko wa homoni ulio mzima ili kuleta uasi huo. Kama kinasi zingekuwa zinatosha peke yake, mfuko ungeharibiwa na uasi ungeendelea vilevile.

Ushahidi wa pili umetoka kwa wagonjwa. Abirateroni huzuia kimeng'enya cha CYP17A1 kinachohitajika kutengeneza androjeni popote mwilini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 kwa wanaume waliokwisha kupewa dosetakseli, ambayo ni dawa ya kemotherapi, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.8 kwa waliopata abirateroni pamoja na predinisoni, na miezi 10.9 kwa waliopata predinisoni na dawa bandia. Wote walikuwa na testosteroni ya kiwango cha aliyehasiwa kabla ya kuanza. Kama homoni isingekuwa na kazi tena, dawa ya kuipunguza zaidi isingemsaidia mtu.

Naongeza jambo moja la pembeni. Sawyers huyo ndiye aliyeshiriki pia katika kuleta imatinibu na dasatinibu kwa wagonjwa wa lukemia, kwa hiyo hakuna aliyezijua dawa za kinasi kuliko yeye. Hata hivyo alipoamua kutafuta dawa ya tezi dume hakufuata kinasi. Alifuata mfuko wa homoni, na yeye na mkemia Michael Jung wakapata enzalutamidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012.

Daktari_wa_Kanda:

Shikamoo Mzee. Nachangia kidogo upande wa wodini. Kwetu wagonjwa wengi hufika saratani ikiwa tayari imeingia mifupani, na kwa sababu ya gharama wengi huishia kufanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani badala ya kupewa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu. PSA inapopanda tena, maelezo ambayo ndugu huambiwa mara nyingi ni kwamba "homoni haifanyi kazi tena". Maelezo ya Mzee yanaonyesha kwa nini kauli hiyo inapotosha, na madhara yake ni ya kweli: nimewahi kuona mgonjwa akiachishwa sindano kwa hoja kwamba saratani haitegemei tena homoni, ilhali taratibu zinataka testosteroni iendelee kubanwa wakati dawa nyingine zinaongezwa juu yake. Abirateroni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019, na sasa hupatikana pia kama dawa isiyo na jina la biashara.

Kuhusu dawa za kinasi, sijawahi kumwandikia mgonjwa wa tezi dume hata moja.

Mtafiti_Nairobi:

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, lakini nadhani nusu ya pili ya swali haijajibiwa: kwa nini dawa zimeshindwa? Si zote zilizoshindwa kwa sababu moja.

Dasatinibu ni mfano mchungu. Hoja ya maabara ilikuwa nzuri: SRC hugusa tairosini ya 534, na pia inahusika na seli za mifupa, ambako saratani hii hupenda kwenda. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilichukua wanaume 1,522, wote wakapewa dosetakseli, nusu wakaongezewa dasatinibu na nusu dawa bandia. Muda wa kati wa kuishi ukawa miezi 21.5 kwa dasatinibu na 21.2 kwa dawa bandia. Hakukuwa na tofauti. Lakini angalia pia jinsi wagonjwa walivyochaguliwa: hakuna aliyepimwa kwanza kuona kama SRC ndiyo inayoendesha ugonjwa wake. Katika lukemia sugu ya mieloidi karibu kila mgonjwa ana jeni iliyounganika ya BCR-ABL, kinasi moja isiyozimika ambayo ndiyo mzizi wa ugonjwa. Tezi dume haina kinasi ya namna hiyo. Muunganiko wa jeni unaoonekana sana kwake, uliogunduliwa mwaka 2005, ni wa TMPRSS2 na ERG. ERG si kinasi, na TMPRSS2 yenyewe huamriwa na kipokezi cha androjeni. Kwa hiyo hata ajali hiyo ya jeni inaturudisha kwenye kipokezi.

Njia ya AKT ina hadithi tofauti, na kwangu ndiyo yenye utajiri zaidi. PTEN ni kimeng'enya kinachoondoa fosfati kwenye lipidi iitwayo PIP3, na kwa kufanya hivyo huizuia AKT isiwake. PTEN hupotea katika takriban asilimia 40 hadi 50 ya saratani za tezi dume zilizosambaa na kuasi. Mtu angetarajia basi kwamba AKT iliyowaka itakipa kipokezi nguvu, na kwamba ukiizima AKT kipokezi nacho kitalegea. Mwaka 2011 makundi mawili ya Marekani, moja la New York na jingine la Los Angeles, yalionyesha kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume. Katika seli zisizo na PTEN, kipokezi cha androjeni na njia ya AKT hubanana. Kipokezi huamsha jeni ya FKBP5, na protini yake huitunza fosfatasi ya PHLPP, ambayo kazi yake ni kuiondolea AKT fosfati. Ukikizima kipokezi kwa enzalutamidi, FKBP5 hupungua, PHLPP hupungua, na AKT huwaka zaidi. Kwa upande mwingine, njia ya PI3K (kinasi inayotengeneza PIP3) na AKT inapokuwa juu, HER2 na HER3 hubanwa; ukiizima, hizo huinuka, na kazi ya kipokezi hupanda pamoja nazo. Yaani kila unapoufunga mlango mmoja unaulegeza wa pili kwa mikono yako mwenyewe, na dawa moja pekee haiwezi kutosha hata kama inafanya kazi yake kikamilifu.

Ndiyo maana majaribio ya baadaye yaliziba pande zote mbili kwa pamoja na kuzingatia kipimo cha PTEN cha wagonjwa. Ipatasetibu, inayozuia AKT, iliongezwa kwenye abirateroni katika jaribio la wanaume 1,101 lililochapishwa mwaka 2021. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa umepoteza PTEN, muda kabla ya ugonjwa kuonekana ukiendelea kwenye picha ulikuwa miezi 18.5, dhidi ya 16.5 kwa wenzao waliopata abirateroni na dawa bandia. Kwa kundi zima tofauti haikufikia kiwango kilichowekwa cha uthibitisho. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya kapivasetibu kwa wanaume waliopungukiwa PTEN ambao saratani yao iliyosambaa ilikuwa bado haijaasi: miezi 33.2 dhidi ya 25.7. Ni faida halisi, ingawa si ile ya lukemia, na inakuja na kuharisha, vipele na sukari kupanda damuni, jambo lisiloshangaza kwa kuwa AKT ndiyo hupitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli.

Kwa hiyo, Mzee, ningerekebisha kauli yako kidogo. Umeieleza kinasi kama mtumishi wa kipokezi. Katika uvimbe usio na PTEN ni mpinzani wake pia.

Mzee_wa_Vimeng'enya:

Marahaba daktari. Na wewe Mtafiti, rekebisho lako naliafiki, ila kwa sharti moja: usichanganye fosfati iliyo juu ya kipokezi na mtandao unaokizunguka. Habari ya FKBP5 na HER3 ni ya mtandao. Hakuna mahali panapothibitisha kwamba AKT kuigusa serini ya 213 ndiko kunakoleta hali hiyo. Kinasi nyingi hukifikia kipokezi kwa kupitia wasaidizi wake. CDK7, kwa mfano, huigusa MED1, protini inayokiunganisha kipokezi na mtambo wa unakili, na inawezekana kabisa kwamba kazi yake kubwa iko huko kuliko kwenye serini ya 515.

Mwanabayokemia_Moro:

Nawashukuru nyote, na shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: nimesoma kwamba serini ya 81 ilipobadilishwa kuwa alanini, ambayo haiwezi kupokea fosfati, kipokezi kiliendelea kuamsha jeni karibu kama kawaida. Je, hilo haliangushi hoja ya umuhimu wake? La pili: vipi kuhusu kipokezi kifupi cha AR-V7 ambacho hakina mfuko wa homoni kabisa? Hapo si pasipo homoni kweli?

Mtafiti_Nairobi:

Kwa swali la kwanza, angalia jeni iliyopimwa ilikuwa wapi. Majaribio mengi hutumia jeni ripota, yaani jeni ya kupimia, iliyo kwenye plasmidi (kipande cha DNA cha duara), ambayo seli huingiziwa kwa muda na haijafungwa kwenye kromatini kama jeni za kawaida. Katika hali hiyo kipokezi chenye alanini hufanya vizuri. Jeni inapokuwa imefungwa kwenye kromatini, kipokezi hicho hushika DNA kwa udhaifu na jeni huamka kidogo. Hilo linaafikiana na alichosema Mzee kuhusu CDK9. Ukiandika sura yako, kila unapotaja matokeo ya aina hii taja pia kama jeni ilikuwa ya plasmidi au ya seli yenyewe, maana nusu ya ubishi wa uwanja huu umetokana na kulisahau hilo.

Kwa swali la pili, ndiyo, AR-V7 ndiyo hali iliyo karibu zaidi na "pasipo homoni". Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins waliripoti kwamba wagonjwa ambao seli zao za saratani zilizomo kwenye damu zilikuwa na AR-V7 hawakuitikia enzalutamidi wala abirateroni katika kundi walilolipima. Lakini kilichokifanya kifanye kazi bila homoni ni ukataji wa RNA uliouondoa mfuko, wala si fosfati. Hata hivyo nusu ya mwanzo imebaki yote, pamoja na serini ya 81, na ndiyo maana wanaotafuta dawa dhidi yake wanaziangalia CDK7 na CDK9, kwa kuwa hakuna mfuko uliosalia wa kuuziba.

Mzee_wa_Vimeng'enya:

Nyongeza mbili za kiufundi kabla hujaanza kuandika. Urefu wa mnyororo wa kipokezi hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu ya marudio ya herufi za DNA CAG katika jeni, na makala hazitumii mfuatano mmoja wa rejea, kwa hiyo serini ya 210 ya makala moja ndiyo ya 213 ya nyingine, na badiliko maarufu la LNCaP huandikwa T877A au T878A kutegemea mwandishi. Chagua mfuatano mmoja, useme ni upi, kisha uzibadilishe namba zote kuufuata.

Pili, kila unaposoma matokeo tazama ni seli zipi zilizotumika. LNCaP haina PTEN inayofanya kazi, na badiliko lake hilo la mfukoni hukifanya kipokezi kikubali hata projesteroni na baadhi ya dawa zilizokusudiwa kukizuia. PC-3 haina PTEN wala, kwa kawaida, kipokezi chenyewe. DU145 ina PTEN lakini kipokezi hakuna, kwa hiyo lile jaribio la 1994 ulilolitaja lilifanywa kwa kipokezi kilichoingizwa kwa mkono pamoja na jeni ripota ya plasmidi. Lisome upya ukiwa na jibu la Mtafiti kando yako.